Hiroshima haina baridi, wanasema wenyewe

Mtoto wa kaka yangu, yule wa Malindi, kapata skolashipu ya serikali ya Japani mashallah, anaenda Hiroshima mwezi wa nne, na tangu barua ile itoke simu yangu haina raha. Voisi noti juu ya voisi noti. Shangazi baridi ya huko ni kiasi gani, shangazi ninunue jaketi ya aina gani, shangazi ni kweli mtu anaweza kuganda njiani akienda kusali, shangazi nimeona video watu wanachimba theluji na sepetu ndo waupate mlango wa nyumba. Kaka yangu nae kamwambia abebe mablanketi mawili. Mablanketi ya Malindi! Sasa nimechoka kujibu kidogo kidogo, naandika yote hapa mara moja, na nyinyi wa pale barazani mnaoniuliza kila nikipita mtasoma pia, maana hapa Lamu ukitaja Japani mtu anawaza vitu viwili tu, gari na theluji.

Tuanze na hizo video. Theluji ya kufukia milango ipo kweli lakini ni upande wa pili wa nchi, ule unaoangalia Bahari ya Japani, huko Niigata na Aomori, na kisiwa cha Hokkaido. Hiroshima iko upande wa kusini, imekaa kwenye bahari ya ndani wanayoiita Seto, bahari ya visiwa vingi, maji yametulia, na mji wenyewe umejengwa pale mto Ota unapogawanyika kabla ya kuingia baharini kwa hiyo kila ukitembea kidogo unakutana na daraja. Januari ndio mwezi wa baridi kuliko yote na wastani wake ni nyuzi 5 na kitu, mchana inakaribia 10, alfajiri inashuka mpaka 2 hivi. Sasa mwambie mtu wa Hiroshima "kwenu baridi sana", atakucheka, atakwambia huku kwetu ni joto bwana, nenda Sapporo kule Hokkaido halafu urudi tuongee. Wanajiona watu wa pwani, watu wa jua, na si uongo, wakati wenzao wa upande wa pili wanashinda chini ya mawingu mazito msimu mzima wao wanaamka anga safi, jua linawaka, ukichungulia dirishani hivi unaweza kutoka na kanga yako. Fungua hilo dirisha sasa.

Lakini wewe mwanangu hukai mjini. Chuo kikuu kilihamishwa kidogo kidogo kutoka mjini miaka ya 1980 na 1990, sasa sehemu kubwa iko Higashi-Hiroshima, mtaa wa Saijo, na Saijo iko bara, bonde limezungukwa na vilima, kama mita 200 juu ya bahari. Kule baridi imezidi ya mjini. Asubuhi vioo vya magari vimefanya barafu, wenye magari wanavikwangua na kadi ya plastiki huku wanalaani kimya kimya, Wajapani hawalaani kwa sauti. Ukienda mjini kwa treni siku hiyo hiyo unavua skafu njiani.

Na jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijaenda, na ndilo nataka ulishike kuliko mengine yote: baridi ya mji ule iko ndani ya nyumba. Nje unatembea, mwili unachemka, jua lipo, unaingia dukani kuna hita, unaingia treni hata viti vinatoa joto chini ya miguu. Tatizo ni chumbani kwako. Nyumba nyingi za kupanga kule, khasa zile za bei ya wanafunzi, ukuta mwembamba, kioo cha dirisha kimoja tu, na hakuna mfumo wa kupasha nyumba nzima. Wanapasha pale mtu alipokaa, basi. Una hita sebuleni, ukifungua mlango kwenda chooni umetoka nchi moja umeingia nyingine, korido inakungoja. Ajabu yake choo chenyewe kina kiti cha moto, wameona tuhangaike kote lakini hapo tustarehe. Wazee wao wanaonywa kila mwaka kuhusu hili, kutoka chumba cha joto, kuvua nguo kwenye chumba cha baridi, halafu kuzama kwenye maji ya moto ya kuoga yanayopita nyuzi 40, mshipa wa damu unashtuka, wengine wanafia humo humo bafuni. Kwa hiyo ukiwa na mama mwenye nyumba mzee usimcheke akiweka hita ndogo pale anapovulia nguo.

Wanachofanya ni kukaa kwenye kotatsu. Ni meza fupi, chini yake imefungwa hita ya umeme, juu yake wametandika mfarishi mkubwa unaoshuka mpaka sakafuni, halafu ubao wa meza juu ya mfarishi. Mnaingiza miguu, mnajifunika mpaka kiunoni, mnakula machungwa yao madogo yale ya kumenya kwa vidole, mnaangalia tivii. Ukishaingia hutoki. Mie nimeandika nusu ya thesisi yangu nikiwa ndani ya kotatsu, migongo imeganda, miguu inaiva, na nimelala humo mara nyingi ingawa kila mtu anakukataza kwa sababu unaamka koo limekauka. Wengine wanatumia hita za mafuta ya taa, hizi zinapasha vizuri na bei yake nafuu ila lazima ufungue dirisha kila baada ya muda hewa ibadilike, na nyumba nyingine za wanafunzi zimezipiga marufuku, soma mkataba wako.

Halafu ukavu. Lamu tumezoea hewa ya maji, chumvi inameza kufuli, nguo hazikauki vizuri wakati wa mvua. Kule baridi inakuja na hewa kavu, midomo inapasuka, mikono inafanya unga, ukishika kitasa cha mlango kinakupiga shoti kidogo mpaka unaanza kuogopa milango. Mama alinifungia chupa ya mafuta ya nazi, yale ya kupika mwenyewe yenye harufu, chupa ya mdomo mwembamba ile ya soda. Mwezi wa kumi yakawa meupe, mwezi wa kumi na moja yakawa jiwe. Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, huku kwetu hatujui kwa sababu hata usiku wa kusi mwezi wa saba baridi si ya kuyafanya jiwe. Kwa hiyo yatie kwenye kopo la mdomo mpana, uyachimbe na kijiko, usimsikilize baba yako, hayo ndo ya kubeba, sio mablanketi.

Udhu usiogope. Nyumba karibu zote zina mtambo wa maji moto, mara nyingi wa gesi, unabonyeza kitufe ukutani, subiri kidogo, maji yanakuja ya vuguvugu. Shida ni chooni chuoni, huko maji ya baridi tupu na unainua mguu kwenye sinki huku mtu anakuangalia. Nilijifunza kutia udhu nyumbani na kuutunza. Na swala zenyewe zinabanana, mwisho wa Disemba jua linatoka saa moja na dakika kumi asubuhi na linazama saa kumi na moja na dakika tano jioni, kwa mtu aliyezoea magharibi ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima unajikuta adhuhuri, alasiri na magharibi zinafukuzana na wewe bado uko maabara. Upande wa faida ni kufunga. Ramadhani siku hizi inaangukia mwezi wa pili na inaendelea kurudi nyuma kuingia kwenye baridi, alfajiri haina haraka, futari mapema, kiu hakuna. Wenzetu waliofunga kule mwezi wa saba, joto lile la Japani na siku ndefu ile, watakwambia wewe umebahatika.

Sasa kuhusu hiyo theluji, kwa nini iwepo kule na huku isiwepo. Hili nilimweleza ami mmoja hapa Langoni, nahodha wa zamani, na alilishika haraka kuliko wanafunzi wangu wote. Nilimwambia ami, wakati wa baridi bara la Asia linapoa sana, khasa Siberia, hewa ya juu yake inakuwa baridi na nzito, inakaa chini, inaanza kumwagika kwenda kwenye bahari zilizo na joto. Akaniambia basi hiyo ni kaskazi. Nikamwambia ndiyo, ni kaskazi ya wenzetu, huku kwetu ile hewa ya bara inashuka kupitia Bara Hindi na Arabuni inatufikia kutoka kaskazini mashariki, ndo iliyokuwa ikileta majahazi ya Maskati na Ghuba, na upande wa kule inatoka Siberia inapiga Japani kutoka kaskazini magharibi. Si upepo ule ule lakini ni ukoo mmoja na msimu mmoja, Disemba yao Disemba yetu. Sisi inatukuta imeshapita bahari ndefu yenye joto, inafika imeiva, watu wanafungua madirisha. Wao inawakuta ikiwa imevuka bahari moja fupi tu.

Na hiyo bahari fupi ndio yenye siri yote. Bahari ya Japani ina mkondo wa maji ya joto unaopanda kutoka kusini, mkondo wa Tsushima, kwa hiyo ile hewa kavu ya Siberia ikipita juu yake inakunywa mvuke njia nzima, inafika pwani ya Japani imebeba mawingu. Hapo inakutana na milima. Upande wetu ule ni milima ya Chugoku, si mirefu sana, mingi inazidi kidogo mita 1,000, lakini inatosha kuyapandisha mawingu yapoe na kumwaga. Ni kazi ya kukamua tui hii, lile zito la kwanza lote linabaki kule juu mlimani na upande wa Shimane, mkoa ulio ng'ambo ya milima, linaloteremka Hiroshima mjini ni tui la mwisho, maji matupu, yaani upepo mkavu na jua. Na kusini nako kuna milima ya kisiwa cha Shikoku inazuia mawingu ya upande wa bahari kuu. Mji umekaa katikati ya kuta mbili. Ami akauliza kwa hiyo theluji ikitakiwa inafuatwa. Ndiyo ami. Inafuatwa.

Mara moja moja baridi inakuja na nguvu mpaka mawingu yanavuka milima na mjini kunaanguka theluji. Siku hiyo mji mzima unapoteza akili kidogo, watu wanatembea hatua fupi fupi, mabasi yanachelewa, watoto wanakwangua theluji juu ya magari wapate ya kutosha kufanya tonge la kurushiana, na ikifika adhuhuri imeshayeyuka imebaki matope. Najua wengine mkisikia Hiroshima mnawaza tarehe 6 Agosti 1945, siku ya bomu la atomiki, kabla ya kitu kingine chochote, ni haki, nitaandika siku yake, sitaki kuichanganya na habari za jaketi na mafuta ya nazi.

Kabla sijapanda mlimani niseme chaza, maana baridi ina neema zake na hii ndio kubwa. Hiroshima inatoa zaidi ya nusu ya chaza wote wanaofugwa Japani. Ukipita na feri utaona baharini machelezo ya mianzi yamejipanga, chini yake zimening'inizwa waya ndefu zenye magamba, na chaza wanashika humo wanakua. Maji yakianza kupoa wananenepa, Januari na Februari ndo wamejaa kweli kweli, wananunuliwa na gamba lake, wanawekwa juu ya makaa mpaka wafunguke wenyewe, matone ya ndimu, umemaliza. Kisiwa cha Miyajima wanachoma barabarani kabisa, harufu unaipata toka unashuka kwenye feri. Mie niliyekulia kuona chaza wadogo wa kwenye mikoko nilimpigia mama kumwambia chaza mmoja kajaa kiganja akasema niache uongo.

Haya, mlimani.

Miyajima hiyo ya chaza iko chini ya manispaa ya Hatsukaichi. Na manispaa hiyo hiyo, ukiendesha kupanda bara, mwisho wake ni Yoshiwa, na Yoshiwa kuna uwanja wa ski, Megahira, wenye chemchemi ya maji moto pembeni yake. Manispaa moja, huku feri na chaza, huku watu wanateleza mlimani. Mimi hilo ndilo linalonifurahisha kuhusu sehemu ile kuliko kitu chochote, kwamba msimu ni mmoja na unajichagulia uwe wapi. Mbali zaidi kidogo kuna Akiota na mlima Osorakan, mita 1,346, mrefu kuliko yote mkoani, una theluji nyingi ya mbinguni. Kuna Geihoku, manispaa ya Kitahiroshima, viwanja viko kadhaa karibu karibu, na familia nyingi za mjini watoto wao wamejifunzia huko. Kwa gari kutoka mjini ni saa moja na nusu, mbili, inategemea njia. Wanaotaka mlima wenye jina wanaenda mbali, Daisen, mkoa wa Tottori, mita 1,729, hakuna mrefu kuupita sehemu yote ile ya Chugoku, na ukiwa juu unaiona Bahari ya Japani chini, unateleza huku unaangalia maji.

Safari yenyewe ni ya mahandaki. Unatoka mjini barabara kavu, watu wamevaa makoti ya kawaida, mnaingia handaki, mnatoka, miti ina unga mweupe kidogo, mnaingia lingine, mnatoka kila kitu kimebadilika, paa nyeupe, mashamba meupe, kando ya barabara theluji imesukumwa mpaka imefanya ukuta. Ndani ya gari mmoja wetu aliyetoka Senegal alinyamaza kimya na yeye ni mtu wa maneno. Rafiki yetu aliyeendesha alikuwa amebadilisha tairi zote nne toka Disemba, wanatumia tairi za baridi zisizo na misumari, mpira wake laini unaoshika barafu. Zamani walikuwa na tairi za misumari lakini zilisaga lami mpaka miji ikajaa vumbi watu wakaumwa vifua, ikapitishwa sheria mwaka 1990 kuzizuia. Ukipanda gari la mtu mwezi wa kwanza kwenda kule muulize tairi kabla hujafunga mkanda, mwanangu, usione haya. Watu wa mjini wengine wanaenda na tairi za kawaida kwa sababu mjini kukavu wanasahau huko mbele kuna nini.

Kila kitu kinakodishwa, ski, buti, fimbo, mpaka suruali na jaketi, kwa hiyo usinunue chochote cha ski. Buti ndo mtihani. Ni la plastiki gumu, linabana mpaka juu ya kifundo, huwezi kukunja mguu, ukitembea nalo unakwenda mwendo wa roboti na kila ngazi ni kesi. Ukishajifunga ski buti linaelewa kazi yake. Wanachokufundisha kwanza ni kusimama: visigino nje, ncha za mbele zikaribiane bila kugusana, unasukuma theluji na ule upande wa ndani, mwendo unapungua. Ukinyoosha miguu sambamba unaondoka. Nilianguka, bila shaka, kila mtu anaanguka, theluji inakupokea vizuri kuliko unavyofikiri, kazi ni kuinuka maana ski ni ndefu na zinakwenda zitakako, na watoto wa chekechea wanakupita wamefunga mikono mgongoni hata fimbo hawana. Kuna mmoja alisimama akaniangalia, akainama, akasema samahani, akaondoka. Samahani ya nini sijui mpaka leo.

Mchezo wenyewe si wa zamani kule. Afisa wa Austria-Hungary, Theodor von Lerch, ndiye aliyewafundisha askari wa Kijapani Januari 1911, huko Takada, Niigata, na alikuwa anatumia fimbo moja ndefu badala ya mbili. Toka hapo ukaenea nchi nzima, Olimpiki za baridi zikachezwa Sapporo 1972 na Nagano 1998. Na Nagano sisi Wakenya tulikuwepo jamani, msisahau, Philip Boit, kilomita 10, alikuwa mkimbiaji akageuzwa mtu wa ski, akamaliza wa mwisho, nafasi ya 92, na bingwa mwenyewe Bjørn Dæhlie wa Norwei alimsubiri pale mwisho akamkumbatia, sherehe za medali zikangoja. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Halafu 2018 kule Korea akaja Sabrina Simader, Mkenya aliyekulia Austria, mwanamke wetu wa kwanza kwenye Olimpiki za baridi, yeye ni wa kushuka mlima. Nilikuwa nawasimulia Wajapani hizi habari kwenye lifti, kile kiti cha waya kinachokupandisha mlimani, na wanashangaa kwa heshima kabisa, sugoi sugoi, yaani ajabu ajabu, halafu wananiangalia nashuka na heshima inapungua.

Ila viwanja hivi vya karibu na mji wa joto vina maisha magumu. Viko chini, viko kusini, mita elfu na kidogo tu, kwa hiyo mwaka theluji ikikataa ndo wa kwanza kuumia. Vingi vinaendeshwa na mashine za theluji, zile mizinga inayorusha matone ya maji usiku hewa ikiwa chini ya sifuri yanaanguka yameganda, na utaona mlima wote kahawia katikati kuna mstari mmoja mweupe watu wamejazana juu yake. Baridi ya 2019 kwenda 2020 ilikuwa ya joto kuliko zote zilizowahi kupimwa Japani mpaka wakati ule, viwanja vingine vya magharibi vilishindwa kufungua kabisa. Mzee wa duka la kukodisha aliniambia ujana wake walikuwa wanaanza mapema Disemba bila mashine yoyote, sasa anaangalia utabiri wa hewa kuliko anavyoangalia mkewe. Kwa hiyo usipange safari yako Disemba. Mwisho wa Januari mpaka katikati ya Februari ndo salama, na angalia kwanza tovuti ya uwanja wanaandika kina cha theluji kwa sentimita kila asubuhi. Machi inakuwa nzito, ya maji maji, magoti yanaumia.

Chakula cha kule juu ni wali wa kari na rameni, zile tambi za supu, na nyama ya nguruwe imeingia kote hata kwenye supu, wewe beba chako. Sisi tulikuwa tunabeba mikate na samaki wa kukaanga tunakula garini mlango wazi, na chai ya tangawizi kwenye thermos, Wajapani wakinusa wanakuja wenyewe. Chemchemi ya maji moto baada ya ski wanaisifu sana, na mwili unaitaka kwelikweli, lakini zile za pamoja watu wanaingia bila nguo yoyote, wanawake kwao wanaume kwao. Mie sikuingia. Kuna sehemu wanakodisha chumba cha peke yako kwa saa moja, ulizia, tukichanga wawili watatu kila mmoja na zamu yake bei inavumilika, na kuna mabwawa ya kuingiza miguu tu ambayo ni bure mara nyingi, unakaa na buibui lako umekunja kidogo, miguu inapona.

Jaketi la kila siku usinunue Malindi wala Mombasa. Fika mwezi wa nne na sweta mbili nzuri na kitu cha kuzuia upepo, maua ya sakura yatakuwa yameanza kumwagika, jioni ina baridi lakini inavumilika. Ikifika mwezi wa kumi nenda maduka ya mitumba ya kule, jaketi la manyoya ya bata lililovaliwa msimu mmoja linauzwa bei ya kuchekesha. Nguo za ndani zile nyembamba za joto nunua mpya. Na vile vifuko vya kupasha mikono, vina unga wa chuma ndani, ukifungua pakiti hewa inaingia unaanza kupata moto, vinakaa saa nyingi, tia kimoja mfukoni kimoja kiunoni juu ya nguo usibandike kwenye ngozi inaungua.

Hijabu ukienda ski, hili nimeulizwa na wengi. Vaa ile ya michezo ya kuvuta kichwani, helmeti inakaa juu yake bila shida yoyote, shingoni vaa ule mpira wa kitambaa wa kuvuta mpaka puani, utajistiri na baridi haikupati na hakuna atakayekutofautisha na Mjapani yeyote mlimani maana wote wamejifunika wamebaki miwani. Mtandio mrefu uache garini. Lifti ya kule ni kiti kinachopita hakisimami, kinakubeba nyuma ya magoti kinaondoka, na kitu chochote kinachoning'inia kikinasa wakati wa kushuka wewe unashuka chenyewe kinaendelea na safari. Miwani ya jua ni lazima, mafuta ya jua pia, na usiniambie sisi weusi hatuungui, nyeupe ile inarudisha jua kutoka chini mpaka pua kwa ndani, nilibabuka mie wa Lamu.

Baba yako mwambie mablanketi abaki nayo. Nafasi ya begi weka pilipili na bizari.